Kabla Hujanunua Franchaizi, Uliza 46 Ilitoka Wapi

Wasee, kila mwezi lazima kuna mtu ananitumia karatasi za biashara na kuniuliza kama iko poa. Siku hizi ni franchaizi. Unalipa ada, unapewa jina, nembo, menyu na mafunzo, halafu unaambiwa "hili eneo ni lako peke yako". Kilimani yako, Westlands ya mwingine. Mtu anasoma hiyo laini moja, anatoa akiba ya miaka minne, anaweka sahihi.

Mimi si wakili. Mimi ni mtu wa history. Na history inasema hiyo laini ya "ni lako peke yako" ndiyo unafaa kuisoma mara tatu. Kama unadhani hizi ni stori za Wamarekani na burger zao, pole. Nairobi ilikuwa na mkataba wa eneo miaka michache tu baada ya Kenya kupata bendera. Ulihusu mabasi. Ulivunjika kwa njia ambayo kila anayetaka kununua eneo leo anafaa kuijua, na athari zake unazipanda kila asubuhi ukienda tao.

Namba ambazo mathree haikutunga

Mwambie mtu wa Nairobi kwamba unaishi Kawangware. Atakuuliza: 46 ama 56? Hizo si namba za nyumba. Ni sehemu za mtaa. Watu wamezaliwa hapo, wameoa hapo, wamezika wazazi wakitoka hapo, na anwani yao ni namba ya gari. Ukienda upande wa Waiyaki Way, Kangemi ni 22 na 23. Ngong ni 111. Buruburu huko mashariki ni 58.

Wengi wetu tunadhani hizo namba zilitungwa na madere wa mathree. Hapana. Ni namba za ruti za Kenya Bus Service, KBS. Mathree zilizirithi tu, kama vile mtu anavyorithi koti la mjomba. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walipochora ramani ya matatu za jiji, walipata ruti zaidi ya 130, na nyingi bado zinaitwa kwa hizo namba. Kampuni iliyozipanga haitawali tena hata barabara moja.

Turudi nyuma. Mwaka 1934, kampuni kutoka London ilianzisha mabasi ya abiria Nairobi. Ilikuwa na mabasi 13 kwenye ruti 12. Piga hesabu: karibu basi moja kwa kila ruti. Mji ulikuwa mdogo, na ulikuwa umegawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa juu magharibi kwenye baridi, Wahindi Ngara na Pangani, Waafrika wakabanwa mashariki kule Pumwani na mitaa ya jirani. Basi lilipangwa kwa mji huo, si kwa mji tunaoujua sisi.

Miaka ya 1950 biashara hiyo ikaingia mikononi mwa United Transport, kampuni kubwa ya Uingereza iliyokuwa na mabasi sehemu nyingi za Afrika. Kisha uhuru ukaja. Mwaka 1966 Baraza la Jiji la Nairobi likaingia kwenye mkataba na KBS: kampuni ipate haki ya kubeba abiria wa jiji peke yake, na baraza lipate asilimia 25 ya hisa.

Hapa ndo utulie kidogo. Hii si franchaizi ya kuku na nembo. Ni ile ya zamani zaidi, ambapo mwenye mamlaka anampa mtu haki ya kufanya biashara mahali fulani na kuahidi kwamba hakuna mwingine ataingia. Lakini moyo wa mkataba ni uleule. Kuna mwenye haki: kanjo. Kuna aliyenunua haki: KBS. Kuna eneo: jiji. Kuna bei: robo ya kampuni. Na kuna ahadi: hakuna mwingine.

Eneo liliponenepa

Sasa shida ya kwanza. "Jiji" ni nini?

Miaka mitatu kabla ya mkataba huo, yaani 1963, mipaka ya Nairobi ilisukumwa. Mji uliokuwa na kilomita za mraba karibu 90 ukawa na karibu 690. Kangemi, Kawangware, Riruta, Dagoretti, Mutuini, sehemu ambazo zilikuwa mashamba na vijiji nje ya mji, zikawa Nairobi kwenye karatasi. Hakuna aliyehamia popote. Mpaka ndio uliowahamia.

Halafu watu wakaja kweli. Wakati wa ukoloni Mwafrika alihitaji kibali kukaa mjini. Kibali kilipoondoka, barabara zote zikaelekea Nairobi. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286. Ile ya 1979 ikahesabu 827,775. Na wengi wa hao hawakwenda kukaa Kilimani. Walienda kule kodi ilikuwa ya chini: Mathare, Kibera, na kwa upande wetu wa magharibi, Kawangware na Kangemi.

Angalia jiografia ya upande huu. Ni migongo na mabonde. Juu ya mgongo kuna barabara moja ya lami, chini kuna mto, na katikati kuna njia za matope ambazo mvua ya Aprili inazifanya sabuni. Basi kubwa linapenda barabara kuu, lami na ratiba. Yule askari wa usiku anayetoka kazini Lavington saa kumi na mbili asubuhi, yule mpishi anayefaa kuwa jikoni kwa tajiri wa Kileleshwa kabla watoto hawajaamka, hao hawakuwa na ratiba ya basi. Walikuwa na miguu.

Halafu wakawa na pickup. Gari kuukuu limewekewa benchi nyuma na turubai juu, linakuchukua pale ulipo, linakushusha pale unapotaka. Nauli: mapeni matatu, yaani sarafu tatu za senti kumi. Hapo ndipo jina "matatu" linasemwa lilitoka. Kisheria zilikuwa magari haramu. Polisi walizishika, KBS ikazilalamikia, na asubuhi iliyofuata zilikuwa barabarani tena.

Ukiniuliza, somo la kwanza liko hapa, na ni rahisi. Kwenye karatasi, eneo lilikuwa la KBS. Kwenye matope, eneo lilikuwa la yule aliyefika. Eneo usilolihudumia haulimiliki, hata uwe na mhuri wa nani. Wenye franchaizi kubwa duniani wanalijua hili vizuri, ndiyo maana mikataba yao mingi ya eneo inakuja na ratiba: utafungua duka la kwanza kufikia mwaka huu, la tatu kufikia mwaka ule, ukishindwa eneo linarudi kwetu. Watu husoma "eneo lako" na kuruka ratiba. Ratiba ndiyo eneo.

1973: Mtu ambaye hakuweka sahihi

Sasa twende kwa ile siku yenyewe. Mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alitoa amri: matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila ile leseni ambayo mabasi yalitakiwa kuwa nayo. Wenye matatu walikuwa wamelia kwa muda mrefu kwamba wao ni Wakenya wadogo wanaojitafutia, na wanaonyanyaswa kwa ajili ya kampuni ya kigeni. Kisiasa, hiyo hoja ilikuwa nyama tupu. Miaka 10 ya uhuru, kampuni ya Uingereza inabeba watu wa jiji peke yake, na kijana wa hapa anawekwa ndani kwa kumbeba jirani yake. Kenyatta akachagua upande.

Cheki vile mambo yalivyobadilika. KBS ilibaki na leseni, kodi, mishahara ya wafanyakazi walio kwenye chama, na nauli iliyokuwa ikiangaliwa na serikali. Mathree ilipewa barabara bila mzigo huo. Matatu zilizokuwa mia chache jijini zikawa maelfu kadri miaka ilivyosonga. Zilichagua saa za faida na ruti za faida, basi likabaki na zile safari za saa nane mchana likiwa tupu.

Na sasa sikiza hapa, maana ndiyo sehemu ninayotaka uondoke nayo. Nani alivunja ahadi ya KBS? Kanjo haikuwapa matatu kibali. Kanjo ilikuwa na robo ya hisa, ingepoteza pesa pia. Aliyevunja ni serikali kuu, ambayo haikuwa upande wa mkataba huo. KBS ilinunua ahadi kutoka kwa mtu ambaye hakuwa na uwezo wote wa kuitimiza. Aliyekaa juu yake alikuwa amejibakizia neno la mwisho, na neno hilo halikuhitaji kuandikwa popote.

Kwa hivyo unapoambiwa "tunakuhakikishia eneo", swali si kama anayekuhakikishia ni mtu mzuri. Swali ni: kuna nani juu yake? Mtu anayekuuzia franchaizi Nairobi mara nyingi si mwenye jina. Naye alinunua. Chukua Carrefour, iliyofungua duka lake la kwanza Kenya pale The Hub, Karen, mwaka 2016. Jina ni la Wafaransa, lakini anayeendesha hapa ni Majid Al Futtaim ya Dubai kwa haki aliyopewa. Hao ni wakubwa na wana mawakili wao. Wewe mdogo ukinunua kutoka kwa aliyenunua, haki yako haiwezi kuwa pana kuliko yake. Mkataba wake na wa juu ukiisha, wako unabaki ukining'inia hewani.

Vitu alivyojibakizia

Kwa KBS neno la mwisho halikuandikwa. Kwenye franchaizi za siku hizi linaandikwa, na kawaida liko kurasa chache baada ya ile laini tamu. Linaitwa haki zilizohifadhiwa. Yaani: eneo ni lako, isipokuwa haya ambayo mwenye jina amejibakizia.

Na "haya" huwa marefu. Anajibakizia maeneo maalum hata yakiwa ndani ya eneo lako: uwanja wa ndege, chuo, hospitali, uwanja wa michezo, kituo cha petroli. Anajibakizia haki ya kuuza bidhaa hiyohiyo kwenye supermaketi. Anajibakizia intaneti. Anajibakizia kufungua jina lingine karibu nawe, linalouza karibu kitu kilekile. Anajibakizia kununua kampuni shindani yenye maduka tayari kwenye mtaa wako. Ukimaliza kutoa hayo yote, "lako peke yako" inabaki na maana moja: hatafungua duka lingine la jina hili, la aina hii, ndani ya duara hili. Basi.

Wamarekani wamepigana kortini juu ya hili kwa miaka. Wenye maduka ya aiskrimu ya Häagen-Dazs walilalamika kwamba kampuni inauza aiskrimu hiyohiyo kwenye supermaketi na kuwaua. Uamuzi wa 1989 haukuwapa nafuu waliyotaka, kwa sababu mikataba yao ilikuwa imeacha njia hiyo wazi kwa kampuni. Miaka miwili baadaye, mwenye duka la Burger King jimbo la Massachusetts alilalamika kwamba kampuni imefungua lingine maili chache kutoka kwake. Mkataba wake haukumpa eneo hata kidogo, lakini jaji alisema kutopewa eneo si sawa na kumpa mwenye jina ruhusa ya kukuangamiza. Halafu mwaka 2000, wasuluhishi waliamua kwamba tovuti ya Drug Emporium ya kuuza dawa ilikuwa ni duka lililoingia ndani ya maeneo ya waliouziwa franchaizi, kwa sababu mikataba yao iliwalinda vizuri.

Kesi tatu, majibu matatu. Tofauti haikuwa nani ameumia zaidi. Wote waliumia. Tofauti kubwa ilikuwa kilichoandikwa na kilichoachwa.

Sasa leta hiyo Nairobi ya leo. Mtu wa Kilimani anaagiza chakula kwa simu akiwa kitandani. Chakula kinapikwa Westlands, kinaletwa na boda. Je, mteja alikuwa kwenye eneo la nani? Kama mkataba wako umechora duara kwenye ramani lakini haujasema lolote kuhusu oda za simu, una duara tu. Boda inakatiza duara lako kama mathree ilivyokatiza la KBS.

Basi likageuka mwenye nyumba

KBS haikufa siku moja. Mwaka 1986 serikali ya Moi ikaleta mshindani wa tatu, Nyayo Bus, ambayo nayo ikafifia miaka ya 1990. Mwaka 1991 Stagecoach ya Scotland ikanunua sehemu kubwa ya KBS Nairobi, na 1998 ikauza kwa wawekezaji wa hapa na kuondoka. Kampuni iliyokuwa na uzoefu wa mabasi Uingereza ilikaa miaka saba tu.

Halafu ikaja sehemu ambayo mimi huipenda sana. Katikati ya miaka ya 2000, KBS iliyopangwa upya ilianza kualika watu binafsi: leta basi lako, tutakupa jina letu, rangi yetu na usimamizi wetu. Yaani kampuni iliyokuwa imenunua eneo ikaanza kuuza jina. Mnunuzi wa franchaizi akageuka muuzaji wa franchaizi. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho haingeweza kuuza tena, nacho ni kile kilichokuwa na thamani zaidi 1966: barabara yenyewe.

Mathree nayo ikajenga ukuta

Kama ningemalizia hapo, hii ingekuwa stori ya mdogo kumshinda mkubwa. Tungepiga makofi tukaenda. Lakini enyewe haikuishia hapo.

Mwaka 1984 sheria ikaitambua matatu rasmi na kuitaka leseni. Februari 2004 zikaanza zile sheria za Michuki: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano, ruti iandikwe kwenye gari. Mwisho wa 2010 serikali ikasema gari lazima liwe ndani ya sacco au kampuni. Kanuni za 2013 zikataka kila kundi liwe na magari yasiyopungua 30. Kila moja ya hatua hizo ilikuwa na sababu nzuri. Watu walikuwa wanakufa barabarani. Lakini angalia zote kwa pamoja: mlango ambao Kenyatta aliufungua kwa mtu mwenye pickup moja ulikuwa unafungwa polepole.

Binamu yangu na wenzake wanne wa chama waliweka pesa pamoja wakanunua gari la abiria 14. Walitaka ruti moja ya upande wetu wa magharibi. Sacco waliyoiendea, sitaitaja, iliwaomba ada ya kuingia kubwa kuliko walivyotarajia, na wakaambiwa wanalipia nafasi kwenye steji. Wakalipa. Miezi michache baadaye sacco hiyohiyo ikaingiza magari mengine mapya kwenye ruti hiyohiyo. Foleni ya steji ikawa ndefu, safari za siku zikapungua, mkopo ukabaki palepale. Walipouliza, wakaambiwa hakuna mahali paliandikwa kwamba hatutaongeza magari.

Na walikuwa sahihi. Hakuna mahali. Binamu yangu alilipia ulinzi dhidi ya watu wa nje, akasahauliwa ulinzi dhidi ya mwenye mlango. Hiyo ndiyo haki iliyohifadhiwa kwa lugha ya steji.

Na watu wa nje nao? Mwaka 2019 Swvl, kampuni iliyoanzia Cairo, iliingia Nairobi na programu ya simu: unaweka nafasi, bei inajulikana mapema, kiti ni chako. Watu wa ofisini waliipenda. Oktoba mwaka huohuo NTSA ikaagiza Swvl na Little Shuttle zisimamishe safari, kwa sababu magari yaliyotumika yalikuwa na leseni za kubeba watalii, si za kubeba abiria wa kila siku kwenye ruti. Swvl ilirudi kuhangaika, na 2022 ikasitisha safari zake za ndani ya jiji.

Unaona duara? Mwaka 1973 mgeni alikuwa matatu bila leseni, na aliyelalamika alikuwa basi. Mwaka 2019 mgeni alikuwa programu yenye leseni isiyo sahihi, na waliokuwa ndani ya mlango walikuwa matatu. Mdogo wa jana ndiye mwenye ukuta wa leo.

Si eti ukuta ni mbaya

Najua kuna mtu atasema: sasa unataka nini, kila mtu aingie kila mahali? Hapana. Hoja ya ulinzi ina nguvu. Basi ni pesa nyingi. Jiko la kuku ni pesa nyingi. Hakuna mtu mwenye akili ataweka mamilioni akijua kesho mlango wa pili kutafunguliwa duka lilelile. Na tumeona barabara isiyo na mpangilio inafanana vipi: miaka ya 1990 mathree zilikimbizana kwa abiria, makanga walivuta watu mikono, na magenge yakaingia kwenye steji kukusanya ushuru wao. Mahali ambapo hakuna ulinzi wa karatasi, ulinzi wa rungu hujileta.

Kwa hivyo mimi sipingi ulinzi wa eneo. Napinga ulinzi usio na wajibu, na ahadi yenye vitobo visivyosemwa. KBS ingelindwa na pia kubanwa ifike Kawangware na Kangemi kwa magari yanayofaa njia za huko, labda 1973 ingekosa hasira ya kuipa nguvu. Eneo likihudumiwa vizuri, hata rais angepata shida kulifungua.

Na usitarajie sheria ikusaidie baadaye kirahisi. Kenya haina sheria maalum ya franchaizi. Ukigombana na mwenye jina, unarudi kwa mkataba wenyewe, sheria za alama za biashara, na Sheria ya Ushindani ya 2010. Na hiyo ya mwisho inaweza hata kuuvunja upekee ulionunua. Safaricom ilikuwa imewafunga mawakala wa M-Pesa wasihudumie mtandao mwingine. Airtel ikalalamika, na Julai 2014 kufuli hiyo ikafunguliwa mbele ya Mamlaka ya Ushindani. Kama Safaricom ilifunguliwa, duara lako la Kilimani si jiwe.

Basi kabla chama chenu hakijatoa pesa, ulizeni mambo haya kwa maandishi na mjibiwe kwa maandishi. Eneo limechorwa vipi, kwa barabara zinazotajwa au kwa neno kama "Westlands" ambalo kila mtu ana maana yake? Mipaka ikibadilika au mtaa mpya ukijengwa, ni wa nani? Oda za simu kutoka ndani ya eneo ni za nani? Ni vitu gani mwenye jina amejibakizia, kimoja kimoja? Sisi tunatakiwa kufanya nini ili eneo libaki letu, na kufikia lini? Anayetuuzia alipewa haki hii na nani, na yake inaisha mwaka gani? Na akiongeza mwingine, tunalipwa nini?

Mtu akikasirika kwa sababu umeuliza, ashakujibu.

KBS ilikuwa na mawakili, pesa za Uingereza na kanjo nzima ndani ya hisa zake, na bado ilibaki na namba tu. 46, 56, 22, 23, 111. Wewe na chama chako mna akiba ya miaka minne. Someni hadi ukurasa wa mwisho.